Fahali wa Injini wa Mzee Lazarus

Saa moja asubuhi, Ijumaa, Onesmus Lihanda ameketi sakafuni katika karakana yake sokoni Lubao, miguu ameinyoosha mbele. Mkewe, Mideva, ambaye ni fundi cherehani, anampima kwa utepe kutoka nyonga hadi wayo ili kiti cha gari kirekebishwe.

"Usijinyooshe, Baba Griffin," anamkemea. "Ukidanganya utepe, kesho gari itakufinya."

Gari lenyewe liko nyuma yao. Halina paa, milango wala kioo. Lina kiti kimoja tu, kilichozungukwa na mabomba ya maji yaliyochomelewa, na ukiliona kwa mbali utadhani ni kitanda kilichotiwa magurudumu. Hili ndilo gari la mashindano la Onesmus, mchomeleaji wa miaka 36 ambaye riziki yake ni madirisha na trela za miwa. Siku nzuri hupata shilingi mia mbili.

Nilimuuliza kwa nini injini, iliyotolewa kwenye pikapu kuukuu, ameiweka nyuma ya dereva. Alicheka.

"Wakati wa mvua pikapu tupu inatelezanga. Pakia miwa nyuma, inashika barabara. Hiyo ndiyo ilikuwa chuo yangu."

Injini hiyo ilitoka zizini. Mwaka jana, 1995, baba yake, Mzee Lazarus wa Shinyalu, aliuza mmoja wa fahali wake wawili wa kupigana kwa shilingi elfu kumi na sita, akampa mwanawe pesa zote. Lakini alimpa na sharti.

"Nimetoa fahali, basi hii nayo ni fahali," mzee alinieleza bila hata chembe ya mzaha. "Na fahali ikigeuza mgongo uwanjani mara tatu, inaendanga bucha. Hii itauzwa chuma kwa kilo."

Onesmus alipeana mkono na baba yake, akakubali. Kufikia wiki iliyopita, gari lilikuwa limegeuza mgongo mara mbili.

Ukweli ni kwamba mara zote mbili walioliangusha ni watu wanaolipenda. Machi, majirani walilisindikiza kwa ngoma za isukuti kama wanavyosindikiza fahali, wakalipamba kwa matawi mbele ili litishe. Matawi yakaziba rejeta ya kupoza injini, iliyowekwa mbele ipate upepo. Mzunguko wa nne, maji yakachemka.

Mei, mashabiki waliingia uwanjani wakakimbia kando ya gari na fimbo zao, wakilihimiza. Kwetu fahali hupigana akiwa amezungukwa na watu wake, nani angekaa kitako? Waandalizi walipandisha bendera nyeusi, na Onesmus akatolewa.

"Niliwalaumu? Hapana," anasema. "Mtu akikupenda hivyo, utamfukuza aje?"

Jumamosi, saa nane mchana, tuko katika shamba la ngano lililokwisha kuvunwa, nje ya Eldoret. Magari tisa, mizunguko kumi. Mzee Lazarus amefunga kamba kwenye vigingi na kuwapanga watu wa Shinyalu nyuma yake.

"Mwenye atavuka hii kamba, atakula fimbo yangu," anatangaza. Hakuna anayejaribu.

Onesmus anaanza vyema. Mzunguko wa sita yuko wa tano, vumbi limempaka hadi meno. Kisha gurudumu la nyuma linapasuka. Njia ya kutokea uwanjani iko mita chache mbele yake, na Mideva ameshika mdomo kwa mikono miwili. Sote tunajua akitoka sasa, Jumatatu gari litakuwa kwenye mizani ya vyuma chakavu.

Anaipita ile njia. Anaendelea kwa mwendo wa mzee aendaye kanisani, chuma kikikwaruza ardhi, magari yote yakimpita. Ngoma zimenyamaza. Waandalizi wanakunja vifaa vyao, lakini mwenye bendera anamsubiri. Dakika kumi baada ya wenzake, Onesmus anamaliza mzunguko wa kumi akiwa wa mwisho.

Wa kwanza kumfikia ni Mzee Lazarus. Analizunguka gari, anaigusa ringi iliyopinda, anamtazama mwanawe.

"Imeumia mguu," anasema. "Lakini haijageuka."

Ngoma zilizolia pale, aliyeshinda hakupigiwa. Nami nakiri, kalamu iliniponyoka.

Jumatatu niliporudi Lubao, nilimkuta mzee sokoni akipatana bei na mchuuzi wa ng'ombe. Alikuwa ameshika kamba ya fahali wake wa pili, ambaye hajawahi kushindwa.

"Fahali moja haifanyi mchezo," alisema. "Atengeneze ingine, zipigane hapa kwetu tuone."

Onesmus anapanga kulimaliza gari la pili kabla ya Desemba na kuyashindanisha mawili hayo Shinyalu. Tayari amenunua mabomba. Lakini Jumatatu ile, alipomwona baba yake akirudi kuelekea nyumbani na kamba tupu mkononi, aliweka nyundo chini.

"Hiyo zizi sasa haina kitu," alisema. "Lazima hii ikimbie."