Paa Lililopakwa Rangi

Deni la kumtibu bibi lilitugharimu mabati ishirini na moja na debe moja; nimehesabu mara mbili. Hadi leo nikinusa rangi ya mafuta dukani, ninasimama tena uani kwetu Oldeani, vumbi jekundu miguuni.

Mwenye duka aliyemkopesha baba alipanda kwa ngazi yetu wenyewe, kopo la rangi mkononi. "Shamba ni la serikali, mzee, siligusi," alisema huku akichora msalaba kwenye kila bati. "Lakini paa ni lako. Usiponilipa hadi Jumamosi, nalishusha."

"Acha basi paa la jikoni, kaka," mama akajaribu kupatana. "Masizi yetu utayafanyia nini?"

"Jikoni kuna mabati manne, mama."

"Matatu. Lile la nne ni debe la mafuta ya kula tulilolipasua."

Akalipaka msalaba hata lile debe.

Alipoondoka, mawingu ya masika yalikuwa yameshafunika msitu wa mlimani. Baba, ambaye hakuwahi kuomba shauri nyumbani, akamgeukia mama.

"Mama watoto, nishauri. Tumsubiri, au tuyashushe wenyewe, asije akayachana kwenye misumari, kisha aseme hayatoshi deni?"