Uwanja Tulioufunga Kimulot

Nilirudi Kimulot kwa sababu ya barua ya mistari miwili: "Madam, ile uwanja mlitusaidia kuhifadhi imeleta shida. Kuja ujionee." Ilitoka kwa Mama Chebet, katibu wa kamati ya wenyeji. Miaka miwili nyuma, shirika letu dogo la Kericho liliwasaidia kuokoa uwanja huo wa umma usigawanywe. Tulileta waya na miche, na mimi nikaandika sheria za kuutumia.

Saa moja asubuhi niliondoka Kericho kwa basi hadi Litein. Kutoka hapo lori la majani chai lilinibeba mpaka matope yakalishinda, nikamalizia kwa miguu, mvua ikininyeshea.

Saa saba nilifika. Uwanja ulikuwa umependeza: miti imenifika mabegani, nyasi hazijakanyagwa, chemchemi imezungushiwa mawe. Langoni palikuwa na kufuli.

"Nani hufungua?" nilimwuliza Mama Chebet.

"Mwenyekiti, Arap Koskei. Anafungulia memba peke yake."

Memba walikuwa wenye mashamba, kama nilivyoandika. Wachumaji chai waliotoka pande za ziwa hawakuwa na mashamba. Kwa miaka mingi walikuwa wakiteka maji pale chemchemini. Sasa waliteremka mtoni, kwenye ukingo unaoteleza. Tangu fujo za uchaguzi wa tisini na mbili, watu wa kwao walipofukuzwa huku, hawakuthubutu kulalamika.

Alasiri Mama Chebet alinipeleka kambini kwa mchumaji mmoja, Mama Akinyi. Mwezi uliotangulia, akiwa na mimba ya miezi minane, aliteleza na mtungi wake pale mtoni. Mtoto alizaliwa amekufa.

"Ni wewe uliandika hiyo mambo ya memba?" aliniuliza kutoka kitandani.

"Ni mimi."

"Wakati unaandika, ulijua sisi tuko hapa?"

Nilijua. Siku ile ya kwanza nilipita mbele ya nyumba zao. Nilipomwambia hivyo, aligeukia ukuta.

Jioni kamati ilikutana kwa Arap Koskei. Niliomba sheria ya memba ifutwe.

"Madam, wewe ndiye ulitufundisha kuchunga," alisema taratibu. "Sasa unataka tuwache?"

"Nilikosea, Mzee."

"Na sisi tukafuata."

Tulibishana mpaka chai ikapoa vikombeni. Walikubali lango lifunguliwe kwa wote asubuhi mbili kwa wiki. Zaidi ya hapo walikataa.

Kesho yake lilifunguliwa. Walikuja wanawake watatu tu, wakateka maji haraka bila kumsalimu mtu. Nilipoenda kumwambia Mama Akinyi, mumewe alinizuia mlangoni. Walikuwa wanafunga mizigo kurudi kwao Nyando.

Niliporudi Kericho, ofisini waliniuliza kama miti imeshika. Nikasema imeshika vizuri, kisha nikawaeleza kuhusu mtoto. Siku hizi, kijiji kikituita tukisaidie kutunza uwanja wake, kwanza nauliza ni nani hupita pale, na ni nani hakuitwa mkutanoni. Mama Akinyi ndiye aliyenifundisha hilo. Sikuwahi kumwona tena.