Ndege Mama Aliyoirudisha Juu

Juzi ndege niliyopanda kuja Mombasa ilikaribia kugusa ardhi, kisha ghafla ikainuka tena. Rubani akatuomba radhi, akasema kuna ndege nyingine bado iko kwenye njia ya kutua, tumeambiwa tuzunguke. Jirani yangu wa kiti akafyonya. "Huyo anayeongoza ndege mnarani amelala," akasema. Nilikuwa na la kumjibu, nikalimeza, maana ningeanza ningemhadithia kisa kizima, na kisa chenyewe bado kinanichoma. Basi nakuhadithia wewe.

Mama yangu alikuwa mwongozaji wa ndege. Tulikaa Mji wa Kale, ghorofa ya pili, katika nyumba ya nyanya, naye akivuka Makupa kwenda uwanja wa ndege upande wa bara, kukaa mnarani na kuziambia ndege zinazokuja ipi itangulie na ipi ingoje, zisije zikakaribiana. Kazi hiyo aliileta mpaka nyumbani. Ngazi zetu zilikuwa za mbao, nyembamba, zimesimama wima. Asubuhi nyanya akikaanga mahamri uani, harufu ya iliki ikitupandia juu, sisi watoto watatu tulitaka kushuka kwa pamoja. Mama alikuwa ameshasimama pale. "Wewe ngoja hapo hapo. Dadako hajafika chini." Hakupiga kelele, ilikuwa sauti tulivu ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Nyanya alimcheka, akisema mwanawe ametufanyia uwanja wa ndege nyumbani, kwa kuwa hata chooni tulipangiwa zamu. Tulinung'unika sana, mbaazi zikipoa. Lakini ngazi zile hazikumwangusha mtoto hata mmoja, na wala hakuna aliyelitambua hilo.

Ndivyo kazi yenyewe ilivyo. Ukiifanya vizuri halitokei jambo, na kwa jambo ambalo halikutokea hushukuriwi na mtu.

Siku moja kindege cha watalii kilitua, kikakawia kuondoka kwenye njia ya kutua. Nyuma yake ilikuwa inashuka ndege kubwa, na ndani yake mheshimiwa mmoja aliyekuwa akingojwa arusini. Mama akaiambia ile kubwa ipande, izunguke, ije tena. Mimi na dada zangu tulikuwa darini tukianua nguo. Tuliiona ikiteremka upande wa bara, kisha ikainuka kwa ngurumo, tukaipigia makofi. Tulidhani inatuchezea.

Mheshimiwa alichelewa arusi, akakasirika, akapiga simu. Mkubwa wa mama kazini akamwita, akamtaka akiri kwamba alibabaika, kwamba nafasi ilikuwepo ya kutosha, na mambo yataishia hapo. Asipokiri, mnarani hapandi tena. Baba alikuwa amefariki. Nyumba nzima ilikula mshahara huo mmoja.

"We sema umekosea, mwanangu, yaishe," nyanya alimwambia jioni ile. "Wana hawa watakula nini?"

Mama alikuwa akitutolea miba ya samaki, na mikono yake haikusita. "Nikisema nimekosea, atakayekaa pale kesho ataogopa kuirejesha ndege juu. Na siku hiyo watu watakufa, mama."

Hakukiri. Akapewa meza katika chumba cha pembeni kisichokuwa na redio wala dirisha, apokee wageni ambao hawakuja. Wenzake wa mnarani, waliokiona kile kindege kwa macho yao, walinyamaza kimya. Na jirani yetu, bibi aliyekula futari yetu kila Ramadhani, alitangaza mtaani kwamba kiti kile si cha mwanamke, mwanamke hupapatika. Mama apapatike! Sijamsamehe, wala sina haraka ya kumsamehe.

Kilichoniumiza zaidi ni jinsi mama alivyogeuka. Ngazini hakusimama tena. Tulishuka tulivyotaka, tukisukumana na kuumizana, naye akitusikia kutoka chumbani. Mtu aliyekuwa akizingojesha ndege angani kwa neno moja alianza kumwomba nyanya ruhusa ya kufungua dirisha.

Nyumba ile sasa ni hoteli ya wageni. Ngazi zimevunjwa, zimejengwa za saruji, na pale uani palipokuwa na karai la nyanya pana viti vya kunywea kahawa ya bei mbaya. Nyanya alitangulia zamani. Mwaka huu tulimzika mama.

Kaburini, kabla mchanga haujaanza kutiwa, mzee mmoja alinisogelea. Alisema alikuwa akifanya kazi mnarani pamoja na mama. Akaniinamia sikioni. "Mamako alifanya sawa siku ile," akasema. "Sote twalijua hilo."

Alinong'ona, ingawa yule mkubwa wao naye alikuwa amekufa miaka mingi nyuma.

Nikamwonyesha kaburi. "Mwambie mwenyewe," nikamjibu. "Bado hatujamfukia."