Mwanangu Wamemwita Msiba, Kisha Wanauliza Anaogopa Nini

Mhariri, jina langu lifiche, la mwanangu liache maana ndilo kisa chenyewe. Nina miaka thelathini na moja, mzaliwa wa Kilimarondo, nimeolewa hapa Ruangwa. Nakaanga maandazi, na ukurasa wenu nimeujulia kwenye magazeti ya kufungia. Naona wengi wanaleta shida za mapenzi. Yangu ni shida ya watu wazima wasio na akili.

Mwanangu wa kike alizaliwa Ruponda kwa wakwe, siku ileile baba mkwe alipofariki. Mimi bado niko kitandani, mama mkwe kaingia, kamtazama mtoto, kasema huyu aitwe Msiba. Mume wangu akacheka kidogo, akasema sawa mama. Huyo mume ni karani wa serikali, ana vyeti, soksi havui, na jina alilopewa na mama huyohuyo maana yake ni raha. Yeye raha, mwanawe msiba. Nilipolalamika akaniambia kina Tabu na Shida wamejaa wilaya nzima na wanaishi vizuri tu. Mama mkwe akaongeza kwamba mtoto mchanga hajui kitu, jina ni la kuitia tu.

Hajui kitu, eti. Sasa sikieni.

Alipofikisha miaka mitano, jirani yetu fundi cherehani alifariki. Mama mmoja akapita uani kwangu akasema kuna msiba kwa fundi. Najifunga kanga niende, mtoto simwoni. Nikamtafuta mpaka nikamkuta uvunguni, kashikilia mguu wa kitanda, kajikojolea.

"Mama, mimi sikwenda kule," akaniambia. "Nilikuwa hapahapa nacheza."

Sikumwelewa mpaka nilipompakata nikamuuliza polepole. Jamani, mtoto alikuwa amejihukumu kitambo. Kila akisikia watu wanasema msiba umetokea, msiba umeingia kwa fulani, yeye anajua anasemwa yeye. Babu yake eti yeye ndiye aliyemuua, bibi mwenyewe ndiye aliyemwambia hivyo akimtania mbele ya wageni, wageni wakacheka. Fundi naye eti yeye ndiye aliyemuua, ila hakumbuki saa ngapi. Tangu siku hiyo nyumba ya mtu haingii. Hata chekechea anakaa mlangoni.

Mwalimu wake wa chekechea, binti mdogo tu, alinielewa kuliko ukoo mzima. Aliniambia niwe namsikiliza mtoto bila kumkaripia, na jina lile liondoke. Nikampelekea baba yake maneno hayo. Alikuwa anakula. Akasema tunawadekeza, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kisha akaomba aongezewe mboga. Nilimwongezea. Lakini nilimdharau pale pale, na mpaka leo sijaacha kumdharau. Na mimi mwenyewe najidharau, maana miaka mitano nimeliita jina hilo kila asubuhi nikimwamsha mtoto anywe uji.

Sasa mama mkwe anaumwa sana huko Ruponda. Mimi jina ningelifuta kwa kalamu tu, lakini msomi wangu kashikilia kwamba jina hufutwa na aliyelitoa, mwingine akiligusa mtoto atapata laana. Nikamtuma shemeji akambembeleze mama yao. Jibu likaja kwamba mtoto apelekwe akae naye wiki moja, ndipo atampa jina jingine kwa kinywa chake. Hata kufa anataka kufa akibembelezwa. Mume wangu kaamua atampeleka Ruponda, chekechea wakifunga. Nikikataa, amesema nirudi kwetu Kilimarondo mikono mitupu, mtoto abaki kwake.

Juzi nilimwambia mwanangu kwamba bibi anamwita ampe jina zuri. Akawa anachezea upindo wa gauni lake.

"Nikienda, bibi atakufa," akasema. "Mwambie baba apeleke mtoto mwingine."

Na kwa hali ninayoisikia, bibi anaweza kufa wiki hiyohiyo, mtoto akiwa chumbani kwake. Nani atakuja kumtoa hilo moyoni? Nisipompeleka, bibi akiondoka na jina lake, yule karani hatalibadili mpaka siku anaingia kaburini, na huenda mtoto nikamkosa kabisa.

Nimpeleke au nimkatalie baba yake? Nipeni ushauri, nimekwama. Ila wewe unayetaka kuniandikia kwamba jina ni jina tu, kwanza badilishana na mwanangu kwa wiki moja, uitwe wewe.