Leso za Siku Yake

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha ngoma alinipigia simu Jumatatu asubuhi, mimi nina mwiko mkononi, mafuta yamekwisha kuchemka. Akaniambia mkubwa atapita Alhamisi akielekea Lunga Lunga, na kina mama wote wa Msambweni wajipange barabarani na sare zao.

"Na sauti ya kuongoza nyimbo ni wewe sasa," akasema, "maana dada yako ndiyo hivyo tena, hayuko."

Nikamjibu nitaona. Mimi nikisema nitaona, walionizoea wanajua kwamba nimechoka.

Na nimechoka kweli. Si mahamri yanayonichosha, mahamri nimeyapika tangu nina kiuno cha usichana. Kinachonichosha ni kumpenda mtu asiyenijua, na kuendelea kumpenda baada ya yale yaliyotokea siku ya mazishi ya dada yangu.

Jina lake sitalitaja. Kila mtu analijua, na kulitaja hapa ni kutafuta ugomvi bure. Nitasema tu kwamba ni mkubwa wa nchi, na kwamba mapenzi yetu kwake yalianzia jikoni. Dada na mimi tulikuwa wajane, tukaamua kukaa nyumba moja ili tusipike vyungu viwili. Alfajiri tulikuwa tukikanda unga pamoja, redio iko kwenye rafu karibu na chumvi. Siku moja akatoka yeye redioni, anazungumza Kiswahili kilichonyooka, hana papara, hatukani mtu. Dada akaacha kukanda. "Nyamaza," akaniambia, na mimi sikuwa nimesema neno. "Asema."

Basi tukawa watu wake. Unga ulipopanda bei, tulisema waliomzunguka ndio wabaya. Bomba la maji lilipofika sokoni likatoa upepo wiki nzima kisha likanyamaza, tulisema yeye alituma maji, hao wa katikati ndio walioyala. Jirani yetu wa ukuta wa pili, mwanamke asiyempenda mwanasiasa yeyote aliyezaliwa na mwanamke, alikuwa akitusikia na kucheka huko kwake. Alitupa jina: wake wa mkubwa. "Hamjambo, wake wa mkubwa? Mume wenu awasalimu? Maji je, awaletea lini?" Dada alimjibu kwa kumpelekea mahamri ya moto, na kwa siku hiyo mdomo wake ulifungika.

Tulikuwa katika kikundi cha ngoma. Kila mgeni mkubwa anapokuja, sisi huitwa kumpokea. Tunaambiwa tufike saa mbili, tunasimama juani, mgeni anafika alasiri, tunaimba na kucheza mpaka magoti yanalia, tunapewa soda na doti moja ya leso, karibu kila mara yenye sura ya mkubwa wetu. Sisemi kwa kulalamika. Ndivyo kazi ilivyo, na tuliipenda.

Kuna siku moja mkubwa alisimamisha gari. Aliteremka na walinzi wake wote, akapita mbele yetu akitupungia mkono. Alipofika kwa dada akasimama, akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Shikamoo, mama."

Mkubwa wa nchi nzima! Dada alikuwa na mdomo usiokwama, lakini siku hiyo ulikwama. Mwisho akasema, "Marahaba, mwanangu," kwa sauti ndogo kama msichana anayeposwa. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni yake, bega kwa bega, na mimi hakuniamkia. Nilimwonea wivu dada yangu, nakiri bila haya. Miezi mingi baadaye, ukimwomba apitishe sukari atakuambia, "Ngoja kwanza, mimi nimeamkiwa na nani?"

Sasa niseme habari ya leso, maana hapo ndipo kwenye shida. Leso yenye sura ya mtu haiswaliwi. Unaweza kujifunga ukaenda shamba, ukaenda kwenye mkutano, lakini ukitaka kusali unaivua. Wala humpelekei bibi harusi, maana hujui kwao wanamfuata nani. Kwa hiyo leso nzuri, zenye maua na pindo tu, ndizo zinazotoka sandukuni: hii kwa harusi, ile kwa mzazi, nyingine kwa mwari. Zenye sura zinabaki. Mwaka unaingia, mwaka unatoka, sanduku linajaa mtu mmoja. Hilo hatukuliona lilipokuwa likitokea.

Dada alianza kwa presha, kisha miguu ikavimba. Alipoona kitanda kimemzoea aliniita. "Leso za siku yangu ziko chini kabisa ya sanduku, ndani ya foronya. Usimpe mtu, hata iwe harusi ya nani." Nikamwambia aache maneno hayo. Lakini nilishukuru, kwa sababu mwanamke wa kwetu akishaweka leso za siku yake, za kuzikiwa, huwa ametulia. Sikuifungua foronya. Yake hayo.

Alikufa asubuhi, chai yake ikiwa bado ina mvuke. Sanda ni kazi ya wanaume, walikwenda dukani. Sisi wanawake tulihitaji leso: za kumfunika anapooshwa, za kushikiliwa kama pazia, na ya kutandika juu ya jeneza. Mwosha akaja, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, akauliza kama marehemu aliacha kitu. Nikasema ameacha, tena kwa fahari. Nikaleta foronya, nikaifungua mbele ya wanawake wote.

Ilikuwa ile doti ya siku aliyoamkiwa. Mpya, haijakatwa, imefukizwa udi. Na katikati yake, yeye, anatabasamu.

Mwosha aliishika pembe, akaikunja taratibu kama hataki kumwamsha mtu.

"Mwanangu, hino haifai. Ina sura ya mtu. Lete nyingine."

"Ndiyo aliyoniusia, mama."

"Alitaka asitirike. Na tumsitiri."

Nikaenda kwenye sanduku langu. Nikatoa ya kwanza, yeye. Ya pili, yeye na miwani. Ya tatu, yeye amenyoosha mkono. Nilizidi kuchimba nikijua nitakalolikuta. Sanduku zima lilikuwa linatabasamu, na dada yangu amelala nyuma ya mlango anangoja kitambaa. Leso zisizo na sura tulizokuwa nazo nyumbani zilikuwa zile za kupikia, zimetoboka na zinanuka mafuta. Nilikaa chini sakafuni nikalia, na sijui mpaka leo ni kwa kifo au ni kwa aibu.

Jirani yetu, yule wa wake wa mkubwa, alikuwa amesimama mlangoni. Nilingoja aseme neno. Alikuwa na haki nalo. Akageuka akatoka, nikasikia mlango wa kwake, nikasikia kifuniko cha sanduku kinagonga ukuta. Akarudi na doti mbili za kisutu, ile leso ya kale isiyo na sura ya mtu, nyekundu, hazijawahi kuguswa na maji. Nilizitambua harufu kabla ya rangi. Nazo zilikuwa zimefukizwa udi.

"Hizi ni zako za siku yako," nikamwambia.

"Mimi bado nipo," akasema. "Mshike mkono mwosha, maji yanapoa."

Dada yangu akaoshwa nyuma ya kisutu cha jirani, akatoka nyumbani kafunikwa kisutu cha jirani. Baada ya mazishi leso zikawa za mwosha, kama ilivyo ada. Siku chache baadaye nilimwambia jirani nitamtafutia nyingine upesi. Alinikazia macho. "Usinitakie haraka," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba tukacheka.

Nimejiuliza mara nyingi kama dada alisahau. Alikuwa mtu wa swala tano, kila siku alikuwa akizivua leso hizo kabla ya kutawadha. Hakusahau, naamini. Nadhani alipotafuta kitu kizuri kuliko vyote alivyowahi kupewa, alikikuta hicho, na akakiweka. Hilo ndilo linaloniuma. Simkasirikii yule mtu. Hakumwambia dada aiweke. Alimwamkia mama mmoja barabarani akaenda zake, na huenda jioni hiyo hiyo alikuwa amekwisha kumsahau.

Alhamisi sikwenda kupanga mstari. Nilimwambia mwenyekiti mguu unaniuma, akajua si mguu. Asubuhi niliitoa ile doti kwenye foronya, nikaikunjua, tukatazamana naye. Nilijipima kama chuki imeingia. Haikuingia. Nikaikunja nikairudisha, nikabeba karai na meza yangu mpaka kando ya barabara, mahali ninapouzia siku zote, mbali na kina mama. Jirani akaja kukaa nami, anamenya mbaazi.

Alasiri ving'ora vikasikika. Ngoma ikaanza kule chini, na nilisikia waziwazi pahali ambapo sauti ya dada ingeingia, hakuna aliyeingia. Magari meusi yakapita kwa kasi. Kioo kimoja kilikuwa wazi, mkono umetoka nje unapunga, wala haukupunga upande wetu. Sura sikuiona.

Nikajikuta nimesimama, leso imenidondoka begani.

"Marahaba, mwanangu," nikasema, kama dada siku ile.

Magari yalikuwa yamekwisha kupita. Jirani aliinua uso kutoka kwenye mbaazi zake. Nilidhani atacheka. Akaiokota leso, akaikung'uta vumbi, akanirudishia begani.

"Keti," akasema. "Amekusikia."

Hakuwa anamsema yule wa kwenye gari.