Fahali wa Kilo Kumi na Tatu

Mpaka leo nikipita Mweiga siku ya soko navuta kofia usoni, maana kuna watu pale hawalijui jina langu, wananijua tu kama yule kijana aliyempima fahali akatoka mwepesi kuliko mbuzi.

Miaka ile kompyuta bado ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Mimi shule niliacha kidato cha pili, nikachunga ng'ombe Doldol, nikapakia viazi Mweiga, na njiani nikaokota kitabu cha programu kisicho na jalada (nilikisoma mara nne kabla sijagusa kompyuta yenyewe). Bwana Gichuki, katibu wa ushirika wa maziwa, akaniambia, "Maonyesho ya mifugo yakiisha bila aibu, Jumatatu uko na kazi." Kazi ya kukaa kwenye kiti! Sikuwahi kuwa na kiti.

Programu niliyoandikia maonyesho ilikuwa rahisi: unaingiza uzito, inapanga mifugo kutoka mzito hadi mwepesi. Ila lazima kwanza uiambie kompyuta namba zitakuwa kubwa kiasi gani, izitengee nafasi. Nafasi ndogo kabisa, baiti moja, mwisho wake ni 255; ukizidisha haipigi kelele, 256 inaiandika sifuri na kuhesabu upya kutoka hapo. Hilo nililijua. Lakini kitabu kilisema tusipoteze nafasi, nami nikajiona mjanja, nikachagua ile ndogo, kwa sababu niliijaribu kwa ndama wa shangazi yangu kule Giakanja na hakuna aliyefika hata kilo mia mbili.

Asubuhi kondoo, mbuzi na ndama walipita vizuri, nikaanza kusalimia watu kama ofisa. Mchana wakaja mafahali. Nikaingiza uzito wao, nikachapa orodha, sikuitazama (nilikuwa nakula mahindi), nikampa Bwana Gichuki, naye akaisoma kwenye kipaza sauti. Wa kwanza akawa fahali mmoja mwembamba wa kilo 510, ambaye karatasi ilimpa 254, na mwenye fahali akaanza kucheza hapo hapo. Wa mwisho, Bwana Gichuki akasoma sauti ikififia, "Ndovu, wa Mama Nyawira... kilo kumi na tatu."

"Mbebe mgongoni, Mama!" mtu akapiga kelele, na uwanja mzima ukaangua kicheko.

Ndovu alikuwa na kilo 781. Toa 256 mara tatu, uone kinachobaki.

Mama Nyawira akaja mpaka mezani kwangu. "Kijana, ati huyu ni kuku?"

"Mama, nilijenga boma ya ndama, halafu nikaingiza ndume."

Akanitazama. "Kwani ulidhani ndama hawakui? Bomoa, jenga ingine. Mimi niko hapa."

Akakalia kreti kando yangu. Nikabadilisha neno moja tu, lile la kutenga nafasi, nikaingiza namba zote upya, yeye akinisomea moja moja, na Ndovu akapanda juu kabisa ya orodha.

Bwana Gichuki akapangusa jasho. "Nilisema bila aibu."

"Aibu ilikuwa yangu, Katibu," Mama Nyawira akasema, "na nimeimaliza. Mpe kiti."

Nikapewa. Na tangu siku hiyo sitengi nafasi ya namba yoyote kabla ya kumuuliza mwenye namba hizo, kubwa kuliko zote aliyowahi kuiona ni ipi, kisha naongeza. Kofia nayo hainisaidii sana: Mama Nyawira ananitambua kwa mwendo, na huniita kutoka ng'ambo ya soko, "Wewe! Leo mimi ni kilo ngapi?"