Ruksa Moja ya Mfalme

Mafuta ya cherehani yana harufu yake, na mtu aliyekulia kwa fundi hawezi kuisahau. Siyo ya gari, siyo ya taa. Ni nyepesi, tamu kidogo, na inang'ang'ania vidoleni hata ukinawa kwa sabuni. Mwezi uliopita nilikwenda Nyakato kumsalimia baba, nikamkuta ameilaza cherehani yake ubavu anaitia mafuta, ingawa siku hizi hashoni zaidi ya kupunguza suruali za wajukuu. Kabla sijamaliza kusema shikamoo, nilikuwa nimesharudi barazani kwa Ba.

Ba alikuwa mama wa mwenye duka la vitambaa pale mjini Mwanza, na baba alikuwa fundi wa barazani kwao. Kwa Kigujarati Ba ni mama, basi na sisi wote, wateja, wachukuzi na wauza karanga, tukamwita hivyohivyo. Alikuwa kikongwe mwembamba, mkali kama pilipili, ananukia ubani, na kila mchana duka likipoa alitoa bati la samli lililojaa kete za sataranji akalimwaga juu ya meza ya kukatia nguo. Ule mlio wa kete kwenye mbao ndio uliokuwa kengele yangu. Nikitoka shule nilikuwa nasikilizia tu.

Alinifundisha yeye. Mimi namsubiri baba tuondoke, yeye hana wa kucheza naye kwa sababu mwanawe yuko na wateja, na baba akishika nguo ya mtu haiachi, basi tukapatana. Kete zilikuwa za zamani, nyingine zimepotea. Ile ya pembeni, ambayo yeye aliiita tembo, tuliiwekea rili ya uzi iliyoisha. Aliniambia mchezo huo alifundishwa na baba yake kwenye ngazi za nyumba yao huko Gujarati, akiwa binti mdogo, kabla hajaolewa na kupandishwa meli kuja huku. Baba yake hakumwona tena. Hilo alilisema huku anapanga kete, bila kuinua uso, nami kwa akili za kitoto nikauliza kama tunaanza au hatuanzi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo kisa kilipo. Ba alinifundisha kwamba mfalme ana ruksa moja. Mara moja tu katika mchezo mzima anaweza kuruka kama farasi, mradi awe hajawahi kutishwa. Ukimwahi ukamwambia "Sheh!" hata mara moja, ruksa imekufa. Kwa hiyo mchezo wetu ulikuwa wa kuviziana: mimi nataka kumtisha wake mapema, yeye anataka kumrusha kabla sijamtisha. Niliipenda ruksa ile kuliko kitu kingine chochote. Niliiona kama siri ya kifalme.

Nikafika darasa la tano. Mwalimu wetu wa michezo akaleta sataranji shuleni, akatangaza kwamba atachagua wachezaji wa kwenda kushindana na shule ya Sengerema. Sengerema! Maana yake kupanda kivuko cha Kamanga. Ndugu zangu, mimi nilizaliwa nalitazama ziwa, kila siku nakiona kivuko kile kinakwenda na kurudi na malori na watu na mbuzi wao, na sikuwahi kukikanyaga. Nilitaka kuuona mji wetu kutoka majini, na yale mawe makubwa yalivyokaa yakitazamwa na mtu aliye upande wa pili. Nilitaka mpaka nikawa naota. Nyumbani sikusema kitu. Nilipanga nishinde kwanza, ndipo nimshtue baba.

Nafasi ya mwisho tulibaki kuigombea mimi na mvulana mmoja anaitwa Deo, mtoto wa maneno mengi. Tukaanza. Nilikuwa naendelea vizuri tu, mara Deo akamchukua mfalme akamsogeza, kabla sijapumua akaichukua na ile ya pembeni akairusha upande wa pili wa mfalme. Kete mbili kwa mkupuo! Macho yalinitoka kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Mwalimu! Deo kacheza mara mbili!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mwalimu, naye anacheka, akanieleza kwamba ndiyo sheria: mfalme anasogea vyumba viwili kuelekea ngome, na ngome inamruka. Mimi ngome nilikuwa naijua kama tembo, na tembo anayeruka mfalme sikuwahi kumwona. Nikasema haya, kumbe wafalme wa shuleni wana ruksa yao. Na wangu anayo yake. Deo aliponikaribia nikangoja, mfalme wangu hajatishwa bado, nikamnyanyua kwa madaha nikamrusha kama farasi.

"Kabula," mwalimu akasema, "mfalme siyo farasi."

"Ana ruksa moja, mwalimu."

"Nani kakwambia?"

"Ba."

"Ba ndiyo nani?"

Nikaeleza: bibi wa dukani anakoshona baba. We! Kicheko cha safari hii nilitamani ardhi ipasuke. Na Deo, bila hata kushusha sauti, akasema, "Mwizi huyu." Nikamrudisha mfalme pale alipokuwa, nikacheza zilizobaki bila kuziona, nikafungwa. Deo ndiye aliyekwenda Sengerema.

Nilifika barazani nalia mpaka makamasi. Nikayamwaga yote, kivuko, kicheko, na lile neno mwizi. Ba alisikiliza hadi mwisho, akafunika bati lake.

"Mwalimu wako hajui," akasema. "Mfalme kubebwa na tembo? Huyo mfalme au gunia?"

Nikamgeukia baba. Kwangu mimi baba alikuwa anajua kila kitu. "Baba, nani mkweli?"

Baba alikuwa ameinama kwenye cherehani. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akamtazama Ba, akanitazama mimi. "Mimi hiyo ya kete mbili sijawahi kuisikia," akasema. "Hebu twende nyumbani ukanifundishe."

Jioni hiyo alichukua boksi la vitambaa, akalichora vyumba kwa chaki yake ya kupimia, akatoa kopo la vifungo. Kifungo cha koti ndiye mfalme. Nikamwonyesha nilichokiona kwa Deo. Na hapo, jamani, nikagundua kwamba baba yangu ni mzito wa kuelewa. Mfalme wake anatishwa, yeye anataka kumwingiza ngomeni palepale. "Si anakimbia hatari?" anauliza. Sijui nijibu nini. Kesho yake namfuata mwalimu. Mwalimu anasema akiwa anatishwa haruhusiwi. Narudi na jibu, baba ana lingine: na kama chumba anachopitia kinatazamwa na adui? Namfuata mwalimu. Haruhusiwi. Na kama anayetazamwa ni ngome, siyo mfalme? Mwalimu akakuna kichwa, akafungua kitabu chake: ruksa. Swali la baba lililonikera zaidi lilikuwa hili: mfalme akitishwa, akakingwa na mwenzake bila yeye kusogea, baadaye anaweza kuingia ngomeni? Nikamjibu kwa hasira kwamba hawezi, mfalme akishatishwa ruksa imekufa, kila mtu anajua.

"Una hakika?" baba akauliza. "Kaulize, mayu." Aliniita hivyo, kama alivyomwita mama yake, pale tu alipotaka nisibishe.

Nikauliza. Kumbe anaweza! Ilimradi yeye na hiyo ngome hawajawahi kusogea.

Mwaka uliofuata nilikaa tena mbele ya Deo, kwa nafasi ileile. Akanitisha mapema, nikamkinga mfalme kwa kete nyingine, nikatulia. Hatari ilipopita nikamwingiza ngomeni. Deo akaruka juu. "Mwalimu, Kabula anaiba! Mfalme wake alishatishwa!" Mwalimu akatazama ubao, akatabasamu. "Alisogea? Hakusogea. Basi ni halali, kaa chini." Nikavuka kwenda Kamanga nimeshika chuma cha kivuko kwa mikono miwili, upepo umenijaa mdomoni, nacheka peke yangu. Mawe yetu, kutoka majini, yanaonekana madogo.

Kwa Ba niliendelea kucheza ya Ba. Mfalme aliruka kama farasi barazani pale mpaka nilipokwenda sekondari, na Ba akafariki nikiwa huko. Bati na kete zake mwanawe alimpa baba.

Basi mwezi uliopita, baba kamaliza kutia mafuta, mwanangu Masanja kalimwaga lile bati juu ya meza, rili ya uzi bado imo, wakaanza kucheza. Mara nikamwona baba anamwingiza mfalme ngomeni. Kwa mkono mmoja, kete mbili, chap, bila hata kutazama, mkono wa mtu aliyezoea tangu zamani.

"Naona nilikufundisha vizuri," nikamtania.

Baba akacheka hadi akavua miwani. "Wewe? Hiyo nilikuwa naicheza bwenini, sekondari, mama yako hata hajanifahamu."

Nikakaa. Yale maswali yote ya kipumbavu. Moja baada ya jingine, kwa mpangilio, hadi lile lililomfunga Deo. Na miaka yote hii nimejisifu kwa watu kwamba nilimfundisha baba yangu sataranji!

"Sasa siku ile barazani kwa nini ulisema hujawahi kuisikia?"

"Ba alikuwa anasikiliza," akasema. Akaifuta miwani kwa pindo la shati. "Ile ruksa kaipata kwa baba yake, na huyo baba hakumwona tena. Huko kwao wa zamani walicheza hivyohivyo. Ningemwambia nini, mbele yako, kwamba baba yake hakujua?"

Machozi yalinitoka, na sikuona haya. Niliegemea meza, nikamchukua mfalme wa Masanja, nikamnyanyua kwa madaha nikamrusha kama farasi.

"Mama!" Masanja akapiga kelele. "Babu, mama anaiba!"

Baba akavaa miwani, akainama kuutazama ubao vizuri. "Nilishamtisha huyu? Sijamtisha. Basi ni halali," akasema, "cheza."